Zilipendwa na Nani? Enzi za Muziki wa Redioni Zikitazamwa kutoka Tunduma

Neno zilipendwa limebeba hoja katika umbo lake. Kiambishi -li- kinaziweka nyimbo katika wakati uliopita, na kauli ya kutendwa inamficha mtenda: nyimbo zilipendwa, lakini na nani, neno halisemi. Tahakiki hii inashikilia kwamba ukimya huo ndio unaoamua enzi zinazopigwa redioni, na kwamba athari yake huonekana wazi zaidi mpakani kuliko Dar es Salaam.

Nafasi ya mtenda ilijazwa na Radio Tanzania Dar es Salaam. Hadi sheria ya utangazaji ya 1993 ilipofungua njia kwa vituo binafsi, Radio One ikiwamo mwaka 1994, RTD ndiyo iliyorekodi bendi na ndiyo iliyozirusha. Santuri zilizotengenezwa Nairobi zilikuwa njia nyingine, lakini kwa msikilizaji wa kawaida kanda za RTD ndizo zilizokuwa kumbukumbu. NUTA Jazz, Mlimani Park na Mbaraka Mwinshehe wanastahili sifa zao. Hata hivyo, zilipendwa kwa matumizi ya kawaida ni muziki wa dansi wa miaka ya 1960 hadi 1980, yaani ule uliohifadhiwa.

Nchini Marekani mpaka wa muziki wa kale husogea. Watangazaji wa biashara huwafuata wasikilizaji wa umri wa miaka 25 hadi 54, hivyo vituo huacha muongo mmoja na kupokea mwingine. Kigezo hicho ni cha soko, lakini angalau kinamtaja msikilizaji.

Tunduma inatazamana na Nakonde ya Zambia. Reli ya TAZARA inapita hapo, na Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili. Mawimbi ya redio hayagongewi muhuri mpakani. Zambia ya miaka ya 1970 ilikuwa na WITCH, Amanaz na Paul Ngozi, na baadaye kalindula ikashamiri. Muziki huo hauitwi zilipendwa. Mtu anaweza kujibu kwamba ni wa kigeni, lakini jibu hilo halisimami: Orchestra Maquis ilitoka Zaire, ikaweka makazi Dar es Salaam, na leo hakuna anayeitilia shaka. Kigezo basi si uraia wa wanamuziki. Ni kupita Dar es Salaam, na kuimba kwa Kiswahili.

Upande wa umri nao una utata. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1975 alitimiza 65 mwaka 2025. Aliyekuwa na umri huohuo mwaka 2000 alitimiza 40, na ujana wake ulikuwa wa Bongo Fleva. Joseph Mbilinyi, yaani Mr II, anatoka Mbeya, mkoa ambao Tunduma ilikuwa sehemu yake hadi Songwe ilipoanzishwa mwaka 2016. Albamu yake ya Ni Mimi ni ya 1995. Kwa hesabu ya miaka imekwisha kuiva. Kwa desturi bado haijaingia. Anayeitetea desturi hiyo atasema zilipendwa ni jina la aina ya muziki, si la umri wake. Utetezi huo una nguvu, ila unaigeuza -li- kuwa pambo tu, na kumwacha msikilizaji wa Tunduma akikumbushwa mapenzi ya watu wengine.