Mpini Usio na Mshikaji

Mwaka 1922, Paul Klee alipokuwa akifundisha katika shule ya sanaa ya Bauhaus huko Weimar, Ujerumani, alichora "Die Zwitscher-Maschine", mashine inayoliza ndege. Ni karatasi ndogo yenye rangi za maji na wino. Ndege wanne wa mistari myembamba wamenasa miguu kwenye waya, na waya huo unaishia kwenye mpini wa kuzungushia, kama ule wa cherehani ya mkono. Midomo iko wazi. Chini yao kuna kitu mfano wa shimo au hori. Anayezungusha mpini haonekani.

Kwanza nausifu ufundi. Klee alipaka karatasi rangi nyeusi ya mafuta, akailaza kifudifudi juu ya karatasi safi, akaweka mchoro wake juu yake, kisha akaufuatisha kwa kitu chenye ncha. Mistari ilishuka hadi chini, lakini haikushuka peke yake: mkono ulipoegemea palibaki madoa kama masizi. Ndipo akatandaza rangi za maji, samawati na waridi. Kwa kuwa mafuta hayakubali maji, mistari haikuoshwa. Ikabaki na mikwaruzo na mtetemo ambao kalamu tupu isingeutoa. Mistari hiyo imepita kwenye kifaa kabla ya kutufikia, sawa na sauti za ndege wenyewe. Huu ndio uhodari ninaouheshimu kuliko wote: alichotaka kusema Klee kimo katika namna alivyoitengeneza picha.

Na alikuwa na la kusema. Alitumikia jeshi la Ujerumani kuanzia 1916, akipaka rangi ndege za kivita; mwaka huohuo rafiki yake, mchoraji Franz Marc, aliuawa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, huko Verdun, Ufaransa. Kufikia 1922 viwanda vilitukuzwa, na hata Bauhaus ilikuwa ikielekea kuunganisha sanaa na teknolojia. Klee, mpiga fidla hodari, alijua kwamba wimbo huanzia kwenye pumzi ya anayeimba. Ndege wake hawaimbi kwa hiari. Naona humo gwaride, naona zamu za kiwandani, naona umati unaopaza sauti kwa sababu mpini umezungushwa. Zile rangi laini ndizo shela ya fumbo hili.

Wapo wanaosema ni mzaha tu. Siafiki. Mzaha haungehitaji shimo chini ya waimbaji.

Mwaka 1933 utawala wa Nazi ulimwondoa Klee katika kazi ya ualimu huko Düsseldorf. Picha hii, iliyokuwa Berlin katika jumba la sanaa la Nationalgalerie, ikahukumiwa kuwa sanaa potovu. Mwaka 1939 iliuzwa, ikaingia Museum of Modern Art, New York. Watawala hao walichukia mtindo wenyewe, wala sidai kwamba waliisoma kama ninavyoisoma mimi.

Ukiipata, hata kitabuni, usianze na ndege. Anza na mpini, kisha ufuate waya polepole.