Nyasi Zinazojizaa Zenyewe

Ukipanda mbegu ya brakiaria aina ya Marandu, hutapata mtoto wa Marandu. Utapata Marandu yule yule. Chavua imetua juu ya ua kama kawaida na mbegu imejaa, lakini kiinitete kilichomo ndani hakina baba. Kimetoka kwa mama peke yake, na kila jani litakalochipuka litafanana na lake. Chavua ilihitajika ili akiba ya chakula ijengeke ndani ya mbegu, basi. Wataalamu huiita tabia hii apomiksi. Kwa mfugaji ni neema, kwa maana malisho aliyoyapenda mwaka huu atayapata vile vile mwaka ujao. Kwa mtafiti anayetaka kuzalisha aina mpya, ni mlango uliokomewa kwa ndani. Namna mlango huo ulivyofunguliwa ni kazi ninayoistahi kuliko nyingi zilizopata sifa kubwa.

Brakiaria ni nyasi za Afrika. Spishi ya ruziziensis ina jina la bonde la Ruzizi, huko Burundi, Rwanda na Kongo zinakopakana. Aina iitwayo Basilisk asili yake ni Uganda. Piatã ilitoka Welega, Ethiopia. Xaraés ilitoka Cibitoke, Burundi. Marandu ilifika Brazili kutoka Zimbabwe, na shirika la utafiti wa kilimo la huko, Embrapa, likaitoa kwa wafugaji mwaka 1984. Katika mbuga za Cerrado, zenye udongo mchachu uliojaa alumini, nyasi hizi zilistawi mahali ambapo nyingine zilidumaa. Leo zimefunika mamilioni ya hekta.

Ustawi huo ulikuja na hatari yake. Eneo kubwa lililojaa mmea mmoja uliojirudia halina pa kukimbilia adui akija, na adui alikuja. Ni mdudu mdogo ambaye watoto wake hujificha ndani ya povu chini ya shina wakifyonza utomvu, na wakubwa wao huacha sumu kwenye majani hadi malisho yawe ya njano kana kwamba yameungua. Basilisk hustahimili udongo mchachu lakini hushindwa na mdudu huyu. Marandu humshinda mdudu lakini hufa palipotuama maji. Ruziziensis ina majani laini yenye lishe nzuri, ila haivumilii mdudu wala udongo duni. Kila moja ilikuwa na sifa iliyokosekana kwa mwenzake, na zote zilikataa kuchanganyika.

Kati ya hizo, ruziziensis peke yake ndiyo iliyozaa kwa njia ya kawaida, kwa mama na baba. Lakini ilikuwa na kromosomu 18, wakati Marandu na Basilisk zilikuwa na 36, na tofauti hiyo ilizuia uzao. Ufunguo ulipatikana mbali kabisa na malisho, nchini Ubelgiji, ambako watafiti Swenne, Louant na Dujardin walieleza mwaka 1981 jinsi walivyoitibu ruziziensis kwa kolchisini, dawa inayozuia chembe kugawanyika baada ya kromosomu zake kuongezeka maradufu. Wakapata mimea yenye kromosomu 36 ambayo bado ilizaa kwa mama na baba. Palipokuwa pameziba pakafunguka: sasa kulikuwa na mama anayekubali chavua ya wageni. Nyasi za apomiksi haziwezi kuwa mama wa mseto, lakini chavua yake ni hai, kwa hiyo zinaweza kuwa baba.

Mwaka 1988 kazi ya kuchanganya ilianza katika vituo viwili: Embrapa mjini Campo Grande, ambako Cacilda do Valle aliiongoza kwa miaka mingi, na kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo, CIAT, karibu na Cali, Kolombia, ambako John Miles alifanya hivyo hivyo. Malighafi yao ilikuwa mamia ya sampuli zilizokusanywa mwaka 1984 na 1985 katika nchi za Afrika, zikiwemo Ethiopia, Kenya, Rwanda na Burundi.

Ufundi wenyewe uko katika yale yanayofuata baada ya mbegu ya kwanza ya mseto kuota. Karibu nusu ya watoto hurithi apomiksi ya baba, na nusu iliyobaki huzaa kama mama. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Mtafiti huchukua maua machanga, huondoa ovari iliyo ndogo sana, huifanya ipenyeke kwa mwanga na kuitazama kwa hadubini. Ndani yake kuna kifuko kinachobeba yai: chenye viini nane ni cha mmea unaozaa kwa mama na baba. Chenye viini vinne ni cha apomiksi. Siku hizi alama za DNA zimerahisisha, lakini kwa miaka mingi ilibidi mtu aketi akihesabu viini, ua kwa ua, mmea kwa mmea.

Wale wanaozaa kwa kawaida hurudi kitaluni kuwa mama wa kizazi kijacho. Wale wa apomiksi hupelekwa mtihanini. Hupandwa kwenye udongo mbaya makusudi, huachiwa wadudu makusudi, hukatwa na kupimwa uzito wa majani wakati wa mvua na wa kiangazi. Mmea mzuri usiotoa mbegu za kutosha huondolewa, kwa sababu hakuna mfugaji atakayeupata. Na mbegu za brakiaria zina ukaidi wake: hazikomai pamoja, hupukutika zinapokomaa, na hulala miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota. Nchini Brazili wavunaji huziacha zianguke, kisha huzifagia chini. Kutoka maelfu ya miche, inayobaki huhesabika kwa vidole.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba kikwazo chenyewe ndicho kilichogeuka kuwa mlinzi. Ukichanganya mahindi, mseto huo huharibika mkulima akipanda mbegu zake mwenyewe, na hurudi dukani kila msimu. Mseto wa brakiaria wenye apomiksi hubaki vile vile milele. Ile tabia iliyokataa kubadilika, ikishabadilishwa mara moja, huyatunza mabadiliko hayo kwa uaminifu. Mulato, mseto wa kwanza kufika sokoni kutoka CIAT, ulifuatwa na Mulato II mwaka 2005. Embrapa ilitoa mseto wake wa kwanza wa brakiaria, Ipyporã, mwaka 2017, yaani miaka 29 baada ya kazi ya kuchanganya kuanza.

Baada ya shamba huja daftari, na humo pia kuna ufundi ambao watu huudharau. Aina mpya haisajiliwi mpaka ithibitishwe kuwa inatofautiana na zote zinazojulikana, kwamba mimea yake inafanana yenyewe kwa yenyewe, na kwamba haibadiliki ikizalishwa tena. Mtu hupita mstari kwa mstari akipima urefu na upana wa jani, vinyweleo vya ala inayokumbatia shina, idadi ya matawi ya suke, rangi ya stigma, na siku ambayo maua yalianza. Kisha thamani yake huonyeshwa kwa majaribio, na kwa malisho Brazili hutaka nyasi zipimwe zikiliwa na mifugo yenyewe. Nchini Kenya kazi hii iko mikononi mwa taasisi ya KEPHIS, nchini Tanzania iko kwa taasisi ya TOSCI; nchi hizo ni wanachama wa umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, UPOV, Kenya tangu 1999 na Tanzania tangu 2015. Mfugaji hawezi kutambua aina kwa kutazama mbegu kiganjani. Jina lililosajiliwa ndilo linalomwezesha kudai alichokilipia.

Aina hizi zimerudi Afrika Mashariki. Katika muongo uliopita wafugaji wa Kenya walipanda Piatã, Xaraés, Basilisk na Mulato II, na ng'ombe wa wengi wao wakaongeza maziwa. Ninafurahi, na ninatamani zaidi. Mabonde na miteremko yetu bado ina brakiaria ambazo hakuna aliyezipima, mama anayekubali chavua alishapatikana, na njia ya kumtambua mtoto wa apomiksi inafundishika chuoni. Kinachohitajika ni taasisi itakayomlipa kijana mmoja mshahara tangu mseto wake wa kwanza hadi siku ya usajili, bila kumtaka matokeo kila mwisho wa mradi wa miaka mitatu. Campo Grande walingoja miaka 29, na ng'ombe wa Brazili wanakula matunda ya subira hiyo. Sisi tulio na nyasi zenyewe hatuna udhuru wa kushindwa kungoja.