Juliasi na Kaizari: Uaminifu na Usaliti katika Tafsiri ya Nyerere

Mwaka 1916, dhahabu ya Sekenke, Iramba, ilipigwa chapa Tabora ikawa sarafu za rupia 15 za Serikali ya Kijerumani, zenye tai wa dola upande mmoja na tembo upande wa pili. Cheo cha mwenye tai huyo, Kaiser, chatokana na jina la Caesar wa Roma. Kwa hiyo tanzia ya Shakespeare ilipotafsiriwa na Julius Nyerere, wajina wa marehemu, Tanganyika ilikuwa imekwisha kutawaliwa na Kaizari mmoja. Chapa ya 1963 iliitwa Julius Caezar. Ya 1969, Juliasi Kaizari.

Anwani hii ya pili nasikia ndani yake mambo mawili: Juliasi, mtu, Kaizari, enzi. Usaliti wa Brutus umo katika kutaka kuyatenga. Katika tendo la 2, onyesho la 1, akiwa peke yake, anakiri kwamba hana kisa binafsi na Kaizari. Ahofiacho ni taji. Mbele ya wenziwe anatamani wangeipata roho ya Kaizari bila kumwaga damu. Jambia halina ustadi huo. Mwili unakufa, roho ndiyo inayosalia, ikamtokea hemani na kumwandama hadi Philippi. Kumwita Brutus msaliti, basi, ni kweli, lakini ni nusu tu ya kweli.

Antony ni mgumu zaidi, ingawa darasani husifiwa upesi kuwa rafiki mwaminifu. Majonzi yake si ya kuigiza: akiachwa na maiti, pasipo hadhira, analia na kuapa kisasi. Lakini anawateka raia kwa wasia wa marehemu, drakma 75 kwa kila mmoja, na katika tendo la 4, onyesho la 1, anaagiza wasia uo huo uletwe ili urithi upunguzwe. Hapo hapo amekwisha kuridhia mpwa wake auawe. Anawadhulumu warithi wa rafiki yake kwa machozi ya kweli aliyomlilia.

Nao raia? Wanamrarua Cinna mshairi kwa kuwa ana jina moja na Cinna mwasi. Kama Brutus, hawawezi kutenga jina na mwenye jina. Muda mfupi kabla walikuwa wamemuuliza aendako, naye akawajibu: mazikoni kwa Kaizari, kama rafiki.