Mauzo Yasiyouza: Utani wa Matarumbeta Makuukuu katika Kitale na Bungoma

Katika uhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili, utani umekaa kama mtoto wa kambo. Hutajwa, hupewa aya moja, kisha huachwa baada ya kusemwa kwamba unaburudisha, unaelimisha na kupunguza uhasama baina ya watu. Hayo hayana ubishi, lakini hayamwelezi msomaji kwa nini utani fulani huzuka mahali fulani juu ya kitu fulani wala si kingine. Makala haya yanachunguza utani wa kundi dogo: wapiga matarumbeta wa bendi za makanisa, hasa za Jeshi la Wokovu, katika miji ya Kitale na Bungoma na vijiji vilivyo baina yake, wanapojifanya wanauziana vyombo vyao vikuukuu. Kinachodaiwa hapa ni kwamba kiini cha utani huu si bei wala uzee wa chombo. Kiini chake ni umilikaji. Anayenadi hana haki ya kuuza. Yeye anajua, mnunuzi anajua, na hadhira iliyowazunguka inajua.

Utendaji wenyewe huanza mazoezi yakiisha, wakati wapigaji wanamwaga maji yaliyokusanyika ndani ya mabomba. Fanani ni mwenye chombo. Hukiinua juu na kukinadi kwa sauti ya wachuuzi wa mitumba. Hata hivyo, uigaji huo una mgeuko, na ndani ya mgeuko huo ndimo ilimo sanaa. Methali yasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji wa sokoni hutumia ufasaha wake wote kuuficha ubaya unaojitembeza. Mpiga tarumbeta hufanya kinyume. Hutangaza aibu za chombo chake moja baada ya nyingine: vali ya pili ikibonyezwa haifufuki mpaka ipigwe kofi, kengele ya mbele ilibanwa na mlango wa matatu, na mahali pa kushikia pamezibwa na fundi wa jua kali aliyezoea sufuria na rejeta. Mnunuzi ndiye anayesifu. Kwake yeye, chombo kinachovuja kinafaa kumwagilia kabichi wakati wa kiangazi, na vali isiyofufuka ni baraka kwa mpigaji ambaye vidole vyake vimechoka. Hivyo wahusika wawili wa soko wamebadilishana ndimi. Mwenye mali anaishusha thamani, na anayetaka mali anaipandisha.

Mandhari huuvika utani huu nguo tofauti. Upande wa Bungoma uigaji huelekea soko la mifugo, na jina la Chwele halikosi kutajwa. Mnunuzi hukikagua chombo kama akaguavyo ng'ombe: hukifungua kinywa, huhesabu vali tatu kana kwamba ni meno, kisha hutamka umri ambao hakuna mnyama aliyewahi kuufikia. Bei nayo hutajwa kwa mitamba. Upande wa Kitale, katika nchi ya mahindi, bei huwa ya magunia, na malipo huahirishwa mpaka mavuno yatoke shambani, kisha mpaka aliyenunua mavuno hayo alipe. Hapo kicheko huwa kikubwa kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa wengi wa wanaocheka ni wakulima, nao wanajua urefu wa ngoja hiyo.

Si kila mtu aruhusiwaye kuanzisha mnada. Miongoni mwa Wabukusu, watu wa rika moja la tohara, yaani bakoki, wana idhini ya kuambiana maneno ambayo yangekuwa matusi kwa mtu mwingine. Bendi ya kanisa hukusanya watu wa rika mbalimbali na wa jamii mbalimbali, lakini kanuni hiyo ya jadi imehamia humo bila kutangazwa. Kijana hamtanii mzee juu ya koneti yake. Husubiri mkoki wa mzee aanze, kisha hucheka. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940 juu ya uhusiano wa utani, alieleza kuwa watani huunganishwa na urafiki na uhasama kwa pamoja, na kwamba utovu huo wa heshima umeruhusiwa na jamii. Maelezo hayo yanatosha kueleza ni nani anayemtania nani. Hayatoshi kueleza kile kinachotaniwa. Yameangalia watu wawili na kulisahau tarumbeta lililo katikati yao.

Tarumbeta hilo lina historia. Matarumbeta yaliingia katika Jeshi la Wokovu mwaka 1878, mjini Salisbury, Uingereza, kwa Charles Fry na wanawe. Jeshi lilifika Kenya mwaka 1921, nalo likapata wafuasi wengi katika nchi za magharibi. Tangu miaka ya mwanzo kanuni za bendi zake zilitaka vyombo viwe mali ya kikosi wala si ya mpigaji. Mtu aweza kulibeba yufoniamu miaka thelathini, akalilaza chini ya kitanda chake, akalitengeneza kwa fedha yake, na bado likawa si lake. Jeshi lilikuwa hata na kiwanda chake la kutengenezea vyombo huko St Albans, mpaka kilipouzwa kwa Boosey & Hawkes mwaka 1972. Kinaya hiki hakihitaji kupambwa: kiwanda kiliuzika, lakini koneti moja iliyotoka humo haiuziki.

Jambo jingine la kiufundi hulisha chuku za watani. Hadi miaka ya 1960, bendi za Uingereza zilipiga kwa mizani ya sauti iliyokuwa juu ya ile ya okestra kwa karibu robo ya toni. Chombo cha enzi hizo kikiingia katika bendi ya leo, ni lazima mabomba yake yavutwe nje au yaongezwe urefu, la sivyo husikika pekee kikipaa juu ya wenzake. Watani wamekifanyia tashihisi chombo cha namna hiyo. Huitwa mtu mwenye makuu, mwenye kumbukumbu za ukoloni, asiyekubali kushuka na kuketi na wenzake. Bei yake, husemwa, haijulikani Bungoma; iulizwe Makumbusho ya Kitale, na mwuzaji naye aulizwe kama alitokea mlangoni au dirishani. Katika kauli hiyo moja mna chuku, kejeli na shutuma ya wizi, na shutuma ndiyo yenye uzito. Kila mnada wa mzaha humkumbusha muuzaji kwamba akiuza kweli, atakuwa mwizi.

Hapa ndipo umilikaji unapodhihirika. Mpigaji hawezi kusema kwa uzito kwamba chombo ni chake. Sheria ya kanisa inamkana. Lakini anayeuza ni lazima awe na mali, hata kama mauzo ni ya uongo. Kwa kulinadi tarumbeta, mpigaji hulimiliki kwa muda wa kicheko. Kwa kulitukana hulikinga pia, maana ni nani atakayetamani chombo chenye aibu zote hizo? Orodha ya kasoro ni orodha ya miaka: alama ya mlango wa matatu ni safari ya mazishi fulani, na kiraka cha fundi ni mwaka ambao kikosi hakikuwa na fedha. Ni mtu aliyeishi na chombo tu anayeweza kukisema vibaya kwa ufasaha kama huo. Isitoshe, chombo chenyewe huhama kwa urahisi. Katika bendi za namna hii karibu vyombo vyote husomwa kwa noti za ufunguo mmoja, na vidole hufuata utaratibu mmoja, hata mpiga koneti aweza kupewa yufoniamu bila kujifunza upya vidole. Kinachohama kirahisi hudaiwa kwa nguvu.

Pembe na tarumbeta zimebeba ushindani wa namna hii Afrika Mashariki kwa muda mrefu, nako pwani kuna ushahidi ulioandikwa. Katika Habari za Pate husimuliwa kwamba Mwana Darini, aliponyimwa siwa kwa ajili ya sherehe ya mwanawe, aliagiza fundi amtengenezee nyingine. Siwa haikununuliwa wala kuuzwa; iliazimwa au ilinyimwa, na katika kunyimwa huko heshima ya ukoo ilipimwa. Ngoma ya beni, iliyozuka katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 na kuchunguzwa na Terence Ranger katika kitabu chake cha mwaka 1975, ilizifanya bendi zenyewe kuwa vyama vya mashindano na dhihaka. Haisemwi hapa kwamba wapigaji wa Bungoma wamerithi beni. Walipata vyombo vyao kwa njia nyingine. Kilicho sawa ni swali: nani ana haki ya kupuliza, na kwa idhini ya nani?

Si utani wote wa kundi hili unaostahili sifa. Ule unaolifananisha tarumbeta kuukuu na mke aliyezeeka, ambaye mumewe anatafuta wa kumbadilisha naye, umechoka kuliko tarumbeta lenyewe. Haugeuzi lolote, kwani muuzaji na mnunuzi husema yale yale ambayo soko lingesema. Wasichana wanaopiga koneti hunyamaza unapotolewa, na ukimya wa hadhira ni uhakiki pia. Kinyume chake, mzaha bora kuliko yote huazima lugha ya Jeshi lenyewe, ambamo aliyefariki husemwa amepandishwa cheo mpaka utukufuni. Tarumbeta lililoziba kabisa nalo hutangazwa kuwa limepandishwa cheo: haliuzwi tena, kwa kuwa sasa ni afisa.

Mipaka ya utani huu huonekana mtu anapotaja shilingi. Mitamba, magunia na mavuno yasiyolipwa ni fedha za hadithi. Shilingi ni fedha. Akitokea mgeni asiyejua desturi akauliza kwa dhati bei ya koneti, kicheko hukatika na chombo hurudishwa ndani ya mfuko wake. Kimya cha namna hiyo huwapo pia mpigaji mzee anapofariki. Chombo chake hubebwa na mwingine katika maandamano ya kuelekea kaburini, na kwa majuma kadhaa hakuna anayekitania. Kisha hukabidhiwa kijana, ambaye siku ya kwanza hutoa mlio wa ndama aliyekanyagwa, na mtu mmoja wa safu ya nyuma humwuliza kama angekubali mtamba mmoja.