Mashujaa wasio na kilio

Kuna ulizo moja lililotuletea shida siku chache nyuma ya Paska, hapa Makomeno. Kijana mmoja wa mafundisho, mwenye miaka 14, mtoto wa akili, alisimama akauliza: «Padri, kufufuka kwa Yezu ni sawa na vile wale wa Avengers wanarudia?» Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Tulimjibu kwa maneno tuliyojifunza katika seminari kubwa, na tuliona usoni mwake kwamba hayakufika.

Pengine mtasema: sinema hizo za Wamarekani ni mambo ya watoto, padri anatafuta nini mle? Lakini Papa Pius XI aliandika barua nzima juu ya sinema mwaka 1936, na Pius XII akaandika ingine mwaka 1957. Hawakuzani kama ni mchezo tu. Tena leo sinema haingoji chumba kikubwa chenye kuuzisha tikiti mlangoni. Inakaa katika simu, inapita mkono kwa mkono, kwa sauti ya Kifaransa, na hata umeme ukikatika, yule mwenye simu yenye kujaa ndiye anaonyesha wengine. Siku ya posho jioni utakuta vijana saba wanainama juu ya kioo kimoja kidogo. Shujaa wanamwita «akteri», adui yake «shefu-bandi». Majina hayo ni ya zamani, sisi pia tuliyatumia.

Basi tumekaa nao, tukatazama. Si zote, maana ni nyingi kupita kiasi: kompanyi ya Marvel ilianza mfululizo wake na Iron Man mwaka 2008, na ilipofika Avengers: Endgame, mwaka 2019, zilikuwa sinema 22 zenye kufungana kama mnyororo. Ile ya mwisho iliingiza dola karibu miliari 2,8. Hesabu hiyo ni kubwa kuliko tunavyoweza kuwaza.

Tuseme haki kwanza. Si kila kitu mle ni kibaya. Mtu wa Iron Man ni mfanya-biashara wa silaha anayeona kwa macho yake mabomu yake yanaua watu gani, akaacha biashara ile. Katekista anaweza kueleza toba kwa mfano ule na vijana watafahamu upesi. Wale wanaolaumu sinema hizi juu ya ngumi na bunduki peke yake, sisi tunaona wanapiga pembeni. Ngumi zilikuwa katika sinema za cowboy pia. Miaka ya 1950 kule Léopoldville vijana walijiita Bills, wakimfuata Buffalo Bill kwa kofia na kwa matendo. Padri mmoja wa Scheut, waliyemwita Père Buffalo, hakusimama mbali kuwalaani. Aliingia kati yao. (Wako mapadri leo wanaokataza sinema wasizoziona hata nusu saa. Kazi hiyo ni rahisi.)

Ubaya tunaouona uko pahali pengine. Uko katika ginsi wanavyofanya kifo.

Angalieni Man of Steel ya mwaka 2013, ambayo si ya Marvel lakini ni ya ukoo mmoja. Superman anapigana na adui zake katikati ya mji, majumba marefu yanaanguka moja nyuma ya lingine, na kila mtu anajua kwamba katika majumba yale mlikuwa watu wa kazi. Majivu yangali yakianguka, naye anambusu mchumba wake. Hakuna anayeokota maiti. Hakuna mama anayelia. Kwetu Lubumbashi, mtu mmoja akifa katika nyumba moja, barabara inajaa viti, watu wanakesha, wanachanga feza, hata yule aliyekosana na marehemu anakuja kukaa kidogo katika kilio. Mle katika sinema mji mzima umekufa na kilio hakuna.

Ni kweli, wenyewe waliona kosa hilo. Katika Captain America: Civil War, mwaka 2016, mama mmoja anamngoja Tony Stark, anamwonyesha picha ya mtoto wake aliyekufa wakati mashujaa walipopigana kule Sokovia. Mtoto yule alikwenda kule kusaidia wamaskini. Mama anasema maneno machache, anakwenda. Ni dakika chache tu, na kwa fikira zetu ndizo dakika zenye haki kupita zote katika mfululizo mzima. Kisha ngumi zinaanza tena, mama yule hatumwoni tena.

Nyuma ya hapo maneno yanazidi. Mwaka 2018, katika Infinity War, Thanos anapiga vidole, na nusu ya wenye uzima wote wanapotea kama vumbi. Watu walitoka wakinyamaza, vijana wetu vilevile. Mwaka uliofuata wote wakarudia, mavazi yao safi. Loki aliuawa, akapatikana Loki mwingine. Gamora aliuawa na yule aliyemlea kama baba, akapatikana Gamora mwingine kutoka wakati uliopita. Tony Stark mwenyewe alitoa uzima wake kwa kuokoa wengine, na hapo walifanya maziko ya heshima kando ya maji; tunakiri kwamba tuliguswa. Lakini mwezi wa 7 wa 2024 kompanyi ilimsimamisha akteri yuleyule, Robert Downey Jr., mbele ya watu. Akavua kinyago, ikatangazwa kwamba atarudi kuwa Doctor Doom. Ni mtu mwingine katika hadisi, ndiyo. Uso ni ule. Machozi ya mwaka 2019 yalikuwa juu ya nini basi?

Mwaka uleule wa 2024 ilitoka Deadpool & Wolverine. Wolverine alikufa katika sinema ya 2017 iitwayo Logan, kifo cha kweli, na msalaba juu ya kaburi. Sasa Deadpool anachimba kaburi lile, anatoa mifupa ya marehemu, anaua askari nayo huku akicheza ngoma, na katika sinema hiyohiyo anajiita Yezu wa Marvel. Watu walicheka. Sinema iliingiza zaidi ya dola miliari 1,3. Tunaandika haya kwa watu ambao wazee wao waliogopa hata kupita juu ya kaburi kwa miguu. Zambi si ule mzaha juu ya jina la Mwokozi peke yake. Ni mifupa ile pia.

Sasa wanasema watu wamechoka. Ni kweli kwa sehemu. Captain Marvel ya 2019 ilipita dola miliari 1. The Marvels ya 2023, yenye shujaa yuleyule, ilifika milioni 206 tu. Mkubwa wa Disney, wenye kompanyi ile, alikubali mwaka 2023 kwamba walitengeneza vitu vingi mno. Lakini wingi haumalizi maelezo. Mtu anakula bukari kila siku na hachoki. Vijana wa Makomeno wametupa sababu nzuri kuliko ya Disney: «Hatuogopi tena, Padri. Tunajua atarudia.» Asiyeweza kufa hawezi kutoa uzima wake. Anaazima tu, na mtazamaji, hata asiyesoma teolojia, anasikia moyoni kwamba amedanganywa.

Iko sinema moja inayohakikisha neno hili. Watu wa Katanga waliipenda Black Panther ya 2018 kwa sababu wazi: inchi ya Waafrika yenye chuma cha ajabu ambacho wageni hawakufaulu kukitawala. Sisi tunaokaa karibu na Shinkolobwe, ambako ilitoka sehemu kubwa ya uraniumu ya bomu la Hiroshima la mwaka 1945, hatuhitaji kuelezwa. Sinema ile ina kesi ya morali kamili: mfalme aliyemwua ndugu yake na kumwacha mtoto yatima, yatima anayerudi na madai ya haki lakini kwa njia ya damu, mwana wa mfalme anayethubutu kuwaambia wahenga wake kwamba walikosa. Kisha, tarehe 28 mwezi wa 8 wa 2020, Chadwick Boseman, akteri wake, alikufa kweli, kwa kansa. Kompanyi haikumweka mtu mwingine pahali pake. Sinema ya 2022, Wakanda Forever, inaanza na kifo chake: watu wamevaa nyeupe, ngoma, sanduku. Ni ndefu, na vita vyake vya mwisho vinachosha kama vya zingine. Lakini kilio kile ni kilio. Vijana saba juu ya simu yao walinyamaza, na mmoja, aliyezika kaka yake, alitoka nje.

Juma lililofuata tulirudi kwa ulizo la Paska. Tuliacha maneno ya seminari. Tuliwasomea habari ya Toma, tukawauliza wao: wale wa Avengers wanaporudia, vidonda vyao viko wapi? Walifikiri. Hawakupata hata kidonda kimoja. Yule wa miaka 14 akauliza tena: «Na Yezu, sababu gani aliacha vyake?» Tulimwambia arudi siku ya yenga na jibu lake mwenyewe, nasi tutaleta letu.