Kemshafti za Mashindano katika Mwinuko wa Momela

Kemshafti ni mhimili wenye vinundu ambao huzunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krankishafti, na kwa mzunguko huo husukuma valvu za kuingiza hewa na za kutoa moshi zifunguke kwa wakati wake. Umbo la kinundu ndilo linaloamua valvu ikae wazi kwa digrii ngapi, na kwa sababu kemshafti za mashindano huongeza digrii hizo, injini hupata nguvu zaidi katika mizunguko ya juu huku ikipoteza sehemu ya msukumo wake katika mizunguko ya chini.

Mfano unaofaa kuchambuliwa ni injini ya Toyota 4A-GE ya sentimita za ujazo 1,587, yenye valvu 16 na kemshafti mbili, iliyofungwa katika Corolla FX GT ya miaka ya 1980. Kemshafti za matoleo yake ya awali hufungua valvu kwa digrii 240, ilhali zile za mashindano huuzwa kwa digrii 264, 272 na hata 288. Momela, kwenye takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni kama asilimia 83 ya lile la pwani, hivyo injini isiyo na tabo hupungukiwa nguvu kabla hata haijaguswa na spana. Kinundu kirefu huongeza tatizo hilo, kwa kuwa valvu ya hewa huchelewa kufungwa, pistoni imekwisha kuanza kupanda, na sehemu ya hewa hiyo haba husukumwa kurudi ilikotoka. Kwa gari linalopanda kutoka Usa River kupitia Ngurdoto hadi Momela, digrii 288 ni ubadhirifu. 264 zinatosha, na atakayezidisha hana budi kuongeza pia mgandamizo wa silinda.

Kazi yenyewe huamuliwa na vipimo vidogo. Nafasi kati ya kinundu na shimu, yaani kisahani cha chuma kinachokaa juu ya tapeti, hupimwa kwa fila injini ikiwa baridi, na kwa kemshafti za kiwandani hutakiwa iwe milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa hewa na 0.20 hadi 0.30 upande wa moshi. Fila ikisoma 0.30 upande wa hewa penye shimu ya 2.50, na lengo likiwa 0.20, huwekwa shimu ya 2.60. Kemshafti iliyochongwa upya kutokana na ya zamani huwa na duara la msingi dogo zaidi, kwa hiyo hudai shimu nene kuliko zilizomo, jambo ambalo wauzaji hawana haraka ya kulitaja.

Kulinganisha alama za pulii hakutoshi. Kisahani cha digrii 360 hufungwa kwenye kranki, geji ya saa huwekwa juu ya tapeti, na kilele cha kinundu hulinganishwa na karatasi ya mtengenezaji, kisha pulii inayorekebishika husogezwa hadi tarakimu zikubaliane. Umbali wa valvu na pistoni hukaguliwa kwa udongo laini unaobandikwa juu ya pistoni, na injini huzungushwa kwa mkono tu.

Hatimaye huja suala la mafuta. Valvu za hewa na za moshi zinapokuwa wazi pamoja kwa muda mrefu, mvuto ndani ya manifoldi hudhoofika injini ikinguruma bila kukanyagwa, na kompyuta inayokadiria hewa kwa kupima shinikizo hilo huidhania injini imebebeshwa mzigo, ikamwaga petroli kupita kiasi. Ndiyo maana programu yake hupangwa upya, na huko huko mwinukoni gari litakakotumika.