Msanifu wa Ndani ya Nyumba Apimwe kwa Maswali Yake

Mji wa Kakamega hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, nao umekaa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Na kila aliyeishi hapa anajua kwamba aghalabu asubuhi huwa nyeupe na alasiri mawingu hukusanyika, radi zikalia, mabati yakavuma, na sebule iliyokuwa na nuru maridhawa saa nne ikahitaji taa saa kumi. Nimetanguliza hali ya hewa kwa makusudi, maana watu wengi wanaojenga Lurambi, Amalemba au kando ya barabara ya Shinyalu, wakiisha kuezeka na kupiga plasta, humtafuta msanifu wa ndani kwa kutazama picha katika simu, na picha hizo, hata zikiwa nzuri namna gani, hazina mvua ndani yake, wala radi, wala wageni arobaini waliokuja matangani. Neno ninalotaka kulithibitisha hapa ni kwamba msanifu achaguliwe kwa kazi anayoifanya kabla hakijanunuliwa kitu chochote, yaani maswali anayouliza, vipimo anavyochukua, na karatasi anazoziandika.

Ushahidi wa neno hili tunao humu humu nchini, tangu zamani. Nyumba ya mawe ya Lamu, mji ambao UNESCO iliutia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ni somo kamili la usanifu wa ndani, na anayetaka kuliona kwa macho yake aingie ile nyumba ya Kiswahili inayotunzwa huko na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Dari za nyumba hizo zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ndefu mno hupinda chini ya uzito wa mawe na chokaa, upana wa chumba kwa kawaida haukufika mita 3, na hivyo vyumba vikawa vyembamba na virefu, kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kikizidi kuwa mbali na kiwanda, yaani ua wa ndani, kilichokuwa chanzo cha nuru na hewa. Mafundi hawakushindana na ufinyu huo; walipaka kuta chokaa nyeupe ili nuru ile haba irudishwe kutoka ukuta hadi ukuta, na katika ukuta wa nyuma wakatengeneza zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, ambazo vivuli vyake hulifanya jicho lidhani kwamba chumba kinaendelea mbele, na humo wenye nyumba wakapanga sahani na mabakuli ya kauri yaliyokuja kwa bahari. Kadhalika mgeni aliketi dakani, yaani barazani pa mlangoni, na aliyelala alipewa sabule, chumba cha wageni, yenye njia yake, na mlango wa kuingilia ukawekwa upande hata anayesimama nje asiweze kuona watu wa ndani, maana staha ya nyumba ilikuwa sharti la ujenzi kama vile uimara wa ukuta.

Tazama basi mpangilio wa kazi ile. Pambo halikuletwa nyumba ikiisha, likabandikwa. Lilizaliwa na urefu wa boriti, na uhaba wa nuru, na ada za watu waliokaa humo, na ndiyo sababu likaonekana kuwa mahali pake. Huko Marekani Edith Wharton na mwenziwe Ogden Codman waliandika kitabu mwaka 1897 kupinga desturi ya kurundika mapazia na vikorokoro bighairi ya kufuata umbo la chumba, na hoja yao kubwa ilikuwa hiyo hiyo ambayo mafundi wa Lamu walikuwa wameitimiza pasipo kuiandika.

Kwa hiyo anayekuja kusanifu nyumba ya Kakamega hana budi kuanza na boriti za hapa, nazo ni mvua, mbao, na jamaa. Nami ningependa kukawia kidogo katika jamaa, kwa sababu ndipo wasanifu wengi wanaotoka miji mikubwa hujikwaa. Katika familia nyingi za Waluhya mama mkwe halali katika nyumba ya mkwewe wa kiume, na baba hukiepuka chumba cha kulala cha mwanawe aliyeoa. Heshima hizi hazijafutwa na vigae wala na vioo. Mwenye nyumba akiletewa ramani ambayo mlango wa chumba chake cha kulala unafunguka moja kwa moja mbele ya makochi ya wageni, au msala wa pekee hufikiwa kwa kupita chumbani humo, basi hata rangi ikiwa ya kupendeza kiasi gani, wazee watakaa ukumbini kwa dhiki na kuondoka mapema. Msanifu anayefaa huuliza mambo haya katika ziara ya kwanza, tena kwa adabu: “Mzee, kukiwa na matanga au arusi, wageni mnawalaza wapi?” Kisha akamgeukia mwenye jiko: “Mama, mvua ikishika wiki nzima, nguo mnaanika wapi?” Swali hili la pili ni la thamani kubwa, maana nguo mbichi zisizotengewa baraza iliyoezekwa huishia juu ya viti vya sebuleni, na unyevu wake hupanda ukutani ukawa koga.

Baada ya maswali, futi. Tuseme sebule ina futi 12 kwa 14, na mwenyewe ataka makochi ya watu saba yakae safu mbili zinazoelekeana. Kila kochi hula futi 3 kutoka ukutani, hivyo zinabaki futi 6 katikati. Ukiweka meza ya upana wa futi 3, kila upande unabakiwa na futi moja na nusu, na anayepita na birika na karai la kuwanawisha wageni atakwenda kiubavu, maji yakimwagika magotini mwa watu. Hesabu hii ni nyepesi mno, lakini nyumba nyingi zimejaa makochi makubwa kwa kukosa mtu wa kuifanya kabla ya fundi wa mbao kulipwa arbuni. Na msanifu asiyadharau makochi, wala vile vitambaa vya kufuma vinavyofunika migongo yake, kwani vitambaa hivyo hukinga jasho na mafuta, hufuliwa kwa wepesi kuliko kochi, na ndani yake mna jioni nyingi za mkono wa mama mwenye nyumba; achague rangi ya kuta itakayovitukuza. Anayeingia na kuamuru vitupwe hajui bado amekuja kumtumikia nani.

Katika mbao, mwulizeni unyevu. Mbao za saipresi na mkaratusi hupatikana kwa wingi katika magharibi, ila mara nyingi huuzwa mbichi. Na kabati lililoundwa kwa mbao mbichi hujipinda likiisha kuwekwa, droo zikakwama na milango ikakataa kufungika. Mbao ya kutumika ndani yafaa iwe imekauka hadi unyevu wa asilimia 12 au 15 hivi, na kipo kifaa kidogo cha mkononi cha kupimia ambacho msanifu makini huwa nacho. Zile bodi za MDF, zinazopendwa kwa ulaini wake, hufura zikinywa maji, kwa hiyo kabati la jikoni lisikae chini juu ya sakafu inayodekiwa kila siku, bali liinuliwe sentimita 10 kwa msingi wa saruji au kwa miguu. Dari ya jipsamu nayo haistahimili bati linalovuja: anayependekeza nakshi za dari kabla ya kupanda juu kukagua misumari ya mabati na mifereji, huyo mwacheni aende.

Upande wa sheria, mwenye nyumba ajue mipaka. Jina la msanifu majengo linalindwa na Sura ya 525 ya sheria za Kenya, na bodi ya usajili ipo. Lakini jina la msanifu wa ndani halilindwi na sheria hiyo, na yeyote aweza kujiita hivyo. Wakandarasi na mafundi husajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na mafundi umeme hupewa leseni na EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati na petroli. Katika nchi ya radi kama hii, leseni hiyo itazamwe kwa macho, wala isitoshe kuambiwa kwamba ipo. Maadamu sheria haimtengi msanifu wa ndani aliye mjuzi na aliye mjanja, nendeni mkaione nyumba aliyoimaliza miaka miwili iliyopita, si ile ya juzi, na mkaombe kuiona alasiri ya mvua.

Kuhusu malipo nina msimamo. Kuna msanifu anayetoza ujira wa kazi yake waziwazi, na kuna anayesema kazi yake ni bure, kisha akaongeza faida yake juu ya bei ya kila kochi, kila pazia na kila taa. Huyu wa pili si lazima awe mwizi, lakini kila kitu kikipanda bei naye hupata zaidi, na kwa hiyo ushauri wake hauwezi kuwa huru. Mimi ningemchukua wa kwanza hata kama ujira wake waonekana mzito. Mkataba uandikwe, uwe na michoro yenye vipimo, orodha ya vifaa na bei ya kila kimoja, na malipo kwa awamu kadiri kazi inavyosonga. Kazi ikimalizika Januari au Februari, wakati wa ukavu, ibakizwe sehemu ya fedha, nayo isitolewe mpaka masika ya Machi hadi Mei yapite juu ya paa, na droo zote zifunguliwe tena mbele ya fundi aliyeziunda.